Picha Zako Ziende Wapi? Makumbusho ya Mbali na Nyumba ya Karibu, Yakilinganishwa kwa Wapiga Picha wa Lubumbashi

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, baridi ya Lubumbashi, mji wetu wa kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ikiwa bado imekaa kwenye mifupa, nilikuwa barazani kwa mzee mmoja wa mtaa wa Kamalondo, barua mbili mkononi na sanduku la bati miguuni. Mzee huyo aliendesha studio ya picha kwa zaidi ya miaka 30, na sanduku lile ndilo lililobaki studio ilipofungwa: negativu za mraba za filamu ya 120, zimepangwa kumi na mbili kumi na mbili ndani ya bahasha za karatasi laini, na juu ya baadhi ya bahasha jina la mteja limeandikwa kwa penseli. Barua ya kwanza ilitoka katika makumbusho ya sanaa ya Ulaya, nayo ilitaka picha 6, zisafishwe upya kwa ukubwa wa sentimita 50 kwa 60, kila moja iwe na saini nyuma. Barua ya pili, ya ukurasa mmoja, ilitoka katika kituo cha hapa mjini, nayo ilitaka sanduku lote, na ikaomba mwenye sanduku aje nalo.

"Papa," nilimwambia baada ya kumsomea zote mbili, "hawa wanataka picha sita, na hawa wanataka sanduku pamoja na wewe mwenyewe."

Akacheka. Kisha akauliza: "Na anayelipa ni nani, mwanangu?"

Anayelipa ni yule wa kwanza, na sikumficha. Lakini swali la nani analipa huja baada ya swali jingine ambalo wapiga picha wetu wengi hawajiulizi, nalo ni kile ambacho makumbusho huchagua yanaposema yamechagua picha. Ukishalijua hilo, utajua pia ni sehemu gani ya kazi yako inayofaa kwenda mbali, na ni ipi ambayo ikiondoka hapa itakufa hata kama itawekwa katika chumba chenye baridi bora kuliko vyote duniani. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya watu wa aina mbili: kijana mwenye kamera ambaye amemaliza mfululizo wake na anatafuta mlango, na familia iliyorithi sanduku kama lile.

Wanachokichagua

Katika makumbusho makubwa ya sanaa, picha haiingii kwa kupendwa na mtu mmoja. Msimamizi wa idara ya picha huiona kwanza mahali fulani, labda kwenye bienale, yaani maonyesho makubwa ya sanaa ya kila baada ya miaka miwili, kwa mwuzaji wa sanaa, ndani ya kitabu, au mezani kwa mpiga picha mwenyewe. Kisha huandika hoja: kwa nini kazi hii, kwa nini mtu huyu, na inaziba pengo gani katika mkusanyo uliopo. Wahifadhi huikagua karatasi na wino. Mwisho hoja hufika mbele ya kamati ya ununuzi, ambayo hukutana mara chache kwa mwaka, na ambayo mara nyingi wajumbe wake ni wafadhili wenye fedha zao wenyewe. Makumbusho ya MoMA ya New York yamekuwa na idara ya picha tangu 1940, na utaratibu huo wameuzoea. Tate, makumbusho ya sanaa ya London, pamoja na umaarufu wake wote, ilipata msimamizi wake wa kwanza wa kazi ya picha mwaka 2009, na kamati yake ya kununua kazi za Afrika ikaanza mwaka 2011. Ninalitaja hili kwa sababu wenzetu wengi hudhani kwamba wamekataliwa, kumbe kwa miaka mingi hapakuwa na mtu wa kuwafungulia mlango.

Neno la kushika hapo ni pengo. Msimamizi hatafuti picha nzuri tu, kwa maana picha nzuri anazo tele kwenye droo. Anatafuta ile itakayozungumza na nyingine zilizomo. Ndiyo maana makumbusho ya sanaa hupendelea mfululizo kamili kuliko picha moja ya kung'aa. Mwaka 1995 MoMA ilinunua seti nzima ya picha za msanii wa Marekani Cindy Sherman zinazoigiza matukio ya filamu, alizozipiga kati ya 1977 na 1980, kwa sababu kila moja ikikaa peke yake ni mwanamke aliyevaa nguo za maigizo, ila zikiwa pamoja ni hoja.

Mfano wa nyumbani upo. Sammy Baloji, aliyezaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1978, alitengeneza mwaka 2013 kazi iitwayo "Essay on Urban Planning", ambamo picha za mji wetu kutoka angani zimepangwa pamoja na picha za wadudu waliohifadhiwa katika makumbusho, kukumbusha kampeni ya wakati wa ukoloni iliyowataka wafanyakazi walete nzi waliowaua ndipo wapewe posho. Ukiitoa picha moja ya nzi ukaiuza peke yake, umeuza nzi.

Makumbusho ya historia na utamaduni huuliza maswali mengine. Huko picha ni ushahidi: ilipigwa wapi, lini, nani amesimama kushoto, na kwa nini kiatu chake kimefungwa kwa waya. Makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, yaliyofungwa mwaka 2013 kwa matengenezo na kufunguliwa tena Desemba 2018, yana picha nyingi mno za nchi yetu, na nyingi katika hizo zilipigwa na watu ambao hawakuona haja ya kuandika jina la aliyesimama mbele ya kamera. Makumbusho ya namna hii yanapochukua kazi ya leo, mara nyingi yanaichukua ili iijibu kazi ya jana. Mwaka 2011 Baloji na mwandishi Patrick Mudekereza walionyesha huko Tervuren kazi iliyotokana na kumbukumbu za msafara wa Charles Lemaire uliopita Katanga kati ya 1898 na 1900, ukiwa na mchoraji na mpiga picha wake. Kazi mpya iliingia mlangoni kwa sababu ya picha za zamani zilizokuwa ndani tayari.

Kwa hiyo kijana anayepeleka mafaili yake huko na huko kwa barua ileile anapoteza muda wake. Kwa makumbusho ya sanaa aeleze mfululizo, umbo na wazo lake. Kwa makumbusho ya historia aeleze mahali, watu na tarehe. Kazi inaweza kuwa moja, lakini ukurasa wa kwanza wa barua haufanani.

Karatasi, rangi na idadi

Hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka, na hapa nitakaa kidogo.

Makumbusho hayanunui picha iliyo kichwani mwako wala ile iliyo kwenye simu. Yananunua kitu: karatasi fulani, iliyochapwa siku fulani, kwa wino fulani, ikiwa nakala ya ngapi kati ya ngapi. Chukua nakala ya zamani na nakala mpya za negativu ileile. Seydou Keïta wa Bamako, aliyefariki mwaka 2001, aliwasafishia wateja wake picha ndogo za kushikwa mkononi na kuwekwa kwenye albamu. Dunia ilimjua baadaye, katika miaka ya 1990, kwa picha kubwa za ukutani zilizosafishwa Ufaransa kutokana na negativu zake. Zote ni za Keïta, lakini si kitu kimoja. Ile ndogo imebeba alama za vidole vya mwenyewe, mkunjo wa mfukoni, wakati mwingine rangi iliyotiwa kwa mkono. Ile kubwa inaonyesha mshono wa kitambaa ambao mteja mwenyewe hakuwahi kuuona. Makumbusho ya sanaa, kwa kazi za leo, hununua ile kubwa kwa sababu inaning'inia vizuri na inajulikana idadi yake. Kwa kazi za zamani huitaka ile ndogo, na huilipia zaidi. Makumbusho ya historia huipenda ndogo siku zote, hasa ikiwa na maandishi nyuma.

Basi usitupe zile ndogo zilizokunjika. Nimeona familia moja ya mtaa uitwao Kenya, hapa hapa mjini, ikizichoma nakala za zamani baada ya kuzipiga kwa simu, wakidhani wameziokoa.

Kuhusu rangi, nyeusi na nyeupe iliyosafishwa vizuri juu ya karatasi ya nyuzi, ikaoshwa kwa maji ya kutosha, huvumilia miaka mingi. Picha za rangi za maabara, zile tulizopewa tangu miaka ya 1970 kwenye karatasi yenye ngozi ya plastiki, hufifia hata zikiwa gizani, na aliye na picha za harusi ya wazazi wake anajua ninachosema: bluu inaondoka, watu wote wanabaki wamevaa machungwa. Makumbusho yenye uwezo huziweka picha za rangi kwenye vyumba vya baridi karibu na nyuzi 4 au chini ya hapo, na unyevu hudhibitiwa kati ya asilimia 30 na 50. Picha zilizochapwa kwa wino wa pigmenti juu ya karatasi ya pamba zinadumu zaidi, na ndizo zinazoombwa siku hizi. Jambo moja la kujihadhari nalo ni kubandika uso wa picha moja kwa moja kwenye pleksiglasi, ile plastiki angavu kama kioo. Inapendeza, inang'aa kama maji, lakini picha ikiharibika au pleksiglasi ikikwaruzwa hakuna njia ya kuzitenganisha, na wahifadhi wengi hukunja uso wanapoiona.

Kwa sababu ya kufifia huko, makumbusho ya Whitney ya New York yana tangu 2008 kamati maalumu inayoamua ni lini kazi iliyoharibika inaweza kutengenezwa upya. Kwa picha swali lao ni hili: je, tuchape nyingine kutoka kwenye faili, tuiharibu ile ya kwanza, na je, bado itakuwa kazi ileile? Wewe mpiga picha lijibu kabla hujaulizwa. Andika kwenye mkataba kama unaruhusu nakala ya kuchukua nafasi ya iliyoharibika, kwa karatasi gani, na nani atakayeikubali.

Idadi nayo ni ahadi. Wengi hutoa toleo la nakala 5 au 10, pamoja na 2 za msanii mwenyewe. Ukisema 5, usichape ya 6 kwa ajili ya mjomba wako aliyeko Kolwezi, hata kwa ukubwa mwingine, bila kuiandika mahali. Makumbusho ya mbali hulishika neno hilo kwa nguvu kwa sababu bei yao imesimama juu yake. Vituo vya hapa na makumbusho ya historia havijali sana idadi, na wakati mwingine nakala moja ya kuonyesha, isiyo na saini, inawatosha.

Kuuza, kutoa, au kuitwa kazini

Njia za kuingia ni tatu, na tofauti zake ni kubwa kuliko zinavyoonekana kwenye karatasi.

Kuuza kunaleta fedha na kunaleta jina. Makumbusho yakinunua nakala namba 1, wakusanyaji wengine huanza kuuliza namba 2 iko wapi. Kwa upande wa pili kunachelewa: kati ya siku msimamizi anapokuandikia kwa furaha na siku fedha zinapofika, mwaka unaweza kukatika, na katikati kamati inaweza kukataa bila kueleza sababu. Ukiwa na mtu wa kati anayeuza kazi zako, mara nyingi nusu ya bei ni yake, na makumbusho huomba punguzo pia. Mzee wangu alipofanya hesabu, alinyamaza.

Kutoa zawadi ndiyo njia ambayo sehemu kubwa ya mikusanyo ya Marekani ilijazwa, na kuna sababu ya kodi nyuma yake: mkusanyaji anayetoa picha aliyonayo anaweza kupunguziwa kodi kwa thamani yake ya soko, lakini tangu sheria ya 1969 msanii anayetoa kazi yake mwenyewe huko anahesabiwa gharama ya vifaa tu. Kwa maneno mengine, anayekuomba utoe bure kwa sababu "ni heshima" anaomba kwako kile ambacho tajiri hulipwa. Kutoa kunaweza kuwa na maana, hasa nyumbani, lakini kutolewe kwa hati ya zawadi yenye masharti: picha itaonyeshwa vipi, jina litaandikwaje, na itakuwaje kama makumbusho yatafungwa.

Kuitwa kazini ni njia ya tatu. Makumbusho ya quai Branly ya Paris, yaliyofunguliwa mwaka 2006, yamekuwa yakiwapa wapiga picha tangu 2008 fedha za kufanya mradi mpya katika nchi zao, na baadaye kazi hizo huingia katika mkusanyo. Faida yake ni wazi: unalipwa kupiga, na unafanya kazi nyumbani. Ubaya wake ni kwamba unaandika mradi ukiwa na jicho moja kwa kamati, na nimesoma maombi ya vijana wetu ambamo kila ukurasa una shimo la madini, eti kwa kuwa ndicho wanachodhani Paris inakitarajia kutoka Katanga. Nadhani wanakosea. Wasimamizi wameshayaona mashimo hayo hadi wamechoka.

Popote utakapokwenda, kuuza karatasi si kuuza hakimiliki. Sheria yetu ya tarehe 5 Aprili 1986 kuhusu haki za waandishi na wasanii inazilinda picha pia, na mkataba wowote unaosema "haki zote" bila kuzitaja moja moja urudishwe kwa kalamu nyekundu.

Baada ya mlango kufungwa

Wapiga picha hufikiria sana jinsi ya kuingia, na mara chache hufikiria yanayofuata. Picha haikai ukutani. Mwanga huiua, kwa hiyo huonyeshwa katika mwanga hafifu, luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga), kwa miezi michache, kisha hurudi gizani kwa miaka. Anayeuza picha 6 kwa makumbusho makubwa aelewe kwamba huenda maishani mwake zisitundikwe zaidi ya mara mbili. Kwa upande mwingine, humo gizani zitakaa salama kuliko chini ya kitanda chochote cha Katuba, na mtafiti anaweza kuziomba.

Je, yanaweza kuziuza? Hapa nchi hazifanani. Mikusanyo ya umma ya Ufaransa haiuziki kwa mujibu wa sheria. Marekani makumbusho yanaweza kuuza, na hufanya hivyo: kuanzia 2017 MoMA ilipeleka mnadani kupitia Christie's mamia ya picha zake ili kupata fedha za kununua nyingine. Si jambo la aibu, na nyingi zilikuwa nakala za ziada, lakini kama kudumu mahali pamoja ndiko unakokutaka, tofauti hii ni nzito kuliko tofauti ya bei.

Halafu kuna suala la nani ataiona. Mjukuu wa mwanamke aliyesimama mbele ya pazia la studio mwaka 1968 hawezi kupanda ndege kwenda kumtazama bibi yake, na hata akiweza, viza ni safari nyingine. Makumbusho mengi sasa huweka picha kwenye tovuti, ila tovuti haimruhusu mjukuu huyo aseme: "Huyu si Bibi, huyu ni dada yake."

Nyumba ya karibu

Lubumbashi si mji mtupu. Makumbusho yetu ya taifa yalianzishwa mwaka 1946, ingawa picha za leo hazijawahi kuwa shughuli yake kuu. Chuo Kikuu, kupitia mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi ulioanza mwaka 2000 chini ya wanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki, kimewafundisha watu wengi jinsi ya kukaa na mzee na kusikiliza hadithi ya kitu alicho nacho nyumbani. Na kituo cha Picha, ambacho jina lake halihitaji tafsiri kwa msomaji wa Kiswahili, kimeendesha Bienale ya Lubumbashi tangu 2008, na kupitia hiyo wasimamizi wa mbali wamefika hapa kuona kazi kabla haijasafiri.

Wanachokosa wote nakitaja bila kificho. Chumba cha baridi kinataka umeme usiokatika, na sisi sote tunajua habari ya umeme. Katika msimu wa mvua, kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu, unyevu hupanda kiasi cha kuota ukungu juu ya negativu kama unga. Bajeti ya kununua haipo au ni ndogo. Na karatasi za makabidhiano hupuuzwa. Miaka kadhaa iliyopita niliiazimisha taasisi moja ya hapa mjini picha zangu 12 kwa ajili ya maonyesho ya wiki mbili, bila hati, kwa kuwa sote tulikuwa ndugu. Zilirudi 9. Hakuna aliyeiba, zilihama ofisi pamoja na meza. Tangu siku hiyo siachi hata bahasha tupu bila orodha yenye saini mbili.

Lakini nyumba ya karibu ina kitu kimoja ambacho hakinunuliki, nacho ni watu wanaowajua waliomo pichani. Nilipofungua bahasha ya tatu ya lile sanduku pale barazani, harufu ya siki ilitoka, dalili kwamba filamu ya asetati, aina ya plastiki ya zamani, imeanza kuoza. Tuliitenga upesi na nyingine, maana kuoza huko huharakisha kuoza kwa jirani. Nilipoinua negativu moja kwenye mwanga, nikaona kijana mwenye redio begani. Mzee hakuhitaji miwani. Alitaja jina lake, kambi ya wafanyakazi aliyokaa, na kwamba ile redio haikuwa yake. Ilikuwa ya studio, na nusu ya Kamalondo ilipiga nayo picha. Hakuna msimamizi wa London atakayeipata sentensi hiyo kutoka kwenye negativu.

Wengine wamejaribu kuunganisha njia hizi mbili. Kati ya 2008 na 2015, makumbusho ya V&A (Victoria and Albert) ya London, ambayo yalianza kukusanya picha tangu miaka ya 1850, yalinunua picha 118 za wapiga picha 17 zinazohusu maisha ya watu Weusi wa Uingereza. Hawakuishia hapo: walishirikiana na taasisi ya Black Cultural Archives, ambayo ilikusanya kwa sauti masimulizi ya wapiga picha, jamaa zao na waliomo pichani. Karatasi zilikwenda kwenye chumba cha baridi, maneno yakabaki kwa wenyewe. Kwangu mimi huo ndio utaratibu wa kuudai.

Ningechagua hivi

Kijana mwenye mfululizo uliokamilika, picha 10 au 15 zenye wazo moja, aanze na bienale ya hapa, kisha makumbusho ya sanaa ya mbali, na auze. Asitoe bure. Achape kwa wino wa pigmenti, aandike toleo dogo, na abakize seti moja kamili hapa mjini kwa hati.

Aliyepiga kwa miaka mingi tukio moja, tuseme wachimbaji wadogo au majengo ya zamani ya reli, bila kuufunga mfululizo, makumbusho ya historia yanamfaa zaidi, na atakapoandika ayajali maelezo ya kila picha kuliko uzuri wake. Fedha zitakuwa chache, ila picha zote zitapokewa, si 6.

Familia yenye sanduku isilitoe sanduku nje ya nchi kwa sasa, hata kwa bei nzuri. Najua wapo watakaonipinga kwamba negativu zitaoza hapa, na hoja yao ina uzito, ndiyo maana siwaambii wakae nazo chini ya kitanda. Ziskaniwe kwanza kwa ubora wa juu, zinazonuka siki zitengwe, nyingine zihamishiwe kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, zisiwekwe kwenye mifuko ya plastiki, na sanduku liondolewe sakafuni. Kisha, wakitaka kuuza, wauze nakala mpya chache kutoka kwenye negativu hizo, na negativu zibaki. Makumbusho ya mbali hukubali mpango huo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kwa kazi ya studio wanachokitaka kwa kawaida ni karatasi ya kuning'iniza.

Hivyo ndivyo tulivyowajibu. Makumbusho ya Ulaya yatapata picha 6 kutoka kwenye negativu ambazo mzee amezichagua mwenyewe, mojawapo ikiwa ya kijana mwenye redio, na mkataba unasema kwamba maelezo ya kila picha yataandikwa kwa Kiswahili kabla ya lugha nyingine. Ruhusa ya familia za waliomo tumeiomba kwa mdomo, tukiandika nani amekubali na siku gani. Familia moja ilikataa, na picha hiyo imeondolewa ikawekwa nyingine. Kituo cha mjini kimepokea sanduku kwa mkopo wa miaka 5, si zawadi, pamoja na orodha yenye saini mbili.

Mzee huenda huko kila Alhamisi mchana, hukaa kwenye kiti karibu na dirisha, na binti mmoja wa chuo humwinulia bahasha moja baada ya nyingine huku akiandika. Wiki iliyopita walifika bahasha ya 41. Kwenye ya 42 macho yalichoka, akasema yule mwanamke mwenye baiskeli anamjua vizuri sana, jina tu ndilo linalomkimbia, na akaomba wamwachie hadi Alhamisi.